Dakika Nzima

Likizo ya Agosti, wenzangu wakivuna mahindi,
nilishuka Kisumu, lango la chuo cha wauguzi,
na fomu iliyotiwa sahihi na mama peke yake.
Pale palipoandikwa Baba, pengo.
Alikuwa amesema, akikoroga uji ambao hakuunywa:
"Mwanamume wa Emuhaya, kubeba mabeseni ya wagonjwa?"
Kisha akatoka kumwangalia ng'ombe
ambaye hakuwa na shida yoyote.

Tulikuwa ishirini na wanne, wavulana watatu.
Tukagawiwa fulana zilizotupwaya, na majina kifuani:
Kemunto wa Nyamira, Apondi wa Ahero,
Andati, yaani mimi,
na Chelangat aliyekuja na sanduku la bati
kana kwamba siku sita ni muhula mzima.

Siku ya kwanza ilikuwa mikono.
Asubuhi yote mikono tu: viganja, migongo ya viganja,
mianya ya vidole, na gumba, ambalo kila mtu husahau.
Sista Nyagudi alitupaka rangi ya buluu,
akatufunga vitambaa machoni, akasema: naweni.
Tulipofunguliwa tuliangaliana
na buluu yetu iliyobaki kwenye magumba.

Siku ya pili, kitanda. Shuka hukunjwa kona kama bahasha.
Juu yake tulimlaza mwanasesere wa plastiki, mguu umelegea,
tukambatiza Mheshimiwa,
maana ukimwuliza tatizo ni nini
anakodolea dari.

Siku ya tatu ndiyo iliyonishika.
"Vidole viwili," alisema Sista, "gumba hapana.
Gumba lina mpigo wake, litakudanganya."
Nikamshika Apondi kifundo cha mkono.
Nilifika thelathini na kitu,
nje akapita mwuza njugu akipiga mluzi,
hesabu ikamfuata.
Nikaandika sabini na mbili.
Nambari ya kitabuni. Nambari yenye adabu.

Sista Nyagudi aliuchukua mkono ule ule,
akatazama saa yake iliyoning'inia kifuani kichwa chini,
akanyamaza dakika nzima.
Pembeni mwa yangu akaandika: mia moja na nne.
Hakunigombeza. Alinirudishia kalamu.
"Ukipotewa, anza upya. Usibuni.
Kuna mtu atameza dawa kwa sababu ya ulichoandika."

Ndipo Apondi, ambaye siku tatu alikuwa akicheka kuliko sote,
akasema mama yake amelazwa
jengo lile pale, ng'ambo ya kamba za nguo,
na kwamba usiku husimama dirishani
akijaribu kukisia ni taa ipi.

Mengine nimeyasahau, au yamechanganyika:
soda, cheti chenye jina langu lililokosewa herufi,
hotuba ya mtu aliyesema "taifa" mara nyingi.
Nakumbuka jioni moja tulivuka ua, Sista mbele,
Apondi katikati yetu, na mlangoni mwa wadi
sote, bila kuambiwa, tukaenda kwanza kwenye bomba.

Nyumbani, baba alikuwa barazani akichambua maharagwe.
"Haya. Walikufundisha nini?"
Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, hayakuja.
Nikasema: "Leta mkono."

Alinitazama kama aliyeombwa hela.
Kisha akaupangusa kwenye suruali, akauleta.
Mzito, wenye sugu, kovu la panga karibu na gumba
ambalo nimeliona maisha yangu yote
na sijawahi kuligusa.
Saa yetu ya ukutani iko mbele dakika kumi,
lakini sekunde zake ni za kweli.

Kumi na nane. Kumi na tisa.
Pakawa na mahali ambapo palipaswa kuwa na mpigo
na hapakuwa, kisha ukaja mbio, kama aliyechelewa.
Arobaini na... Kuku akaparamia ungo, maharagwe yakamwagika.
Hakuna kati yetu aliyeinama.

"Umemaliza?"
"Bado. Nimepotewa. Naanza upya."

Hakuuondoa mkono.